Acha Milimita Moja: Vipele vya Ndevu na Namna ya Kuvizuia

Mteja mwenye shingo iliyojaa vipele huingia saluni na maelezo yake tayari. Atakwambia mashine ya kinyozi aliyepita ilikuwa chafu, au damu yake haipatani na wembe, au maji ya visima vya huku Mtwara yana chumvi iliyozidi. Yote hayo yanaweza kuchangia. Lakini mkalishe mtu huyo karibu na dirisha, umulike shingo yake kwa tochi ya simu, na kama ana nywele za kipilipili mara nyingi utakuta jambo moja: ndani ya kipele mna unywele. Ulikatwa chini mno, ukajikunja, ukaingia tena kwenye ngozi ileile ulikotoka, na mwili sasa unapambana nao kama unavyopambana na mwiba.

Ndiyo maana neno la kwanza kwa kila anayekaa kwenye kiti ni fupi. Usitafute uso wa kuteleza. Acha milimita moja.

Nywele zetu hazitoki wima. Hata chini ya ngozi, kitundu cha unywele kimepinda, na unywele hutoka umelala ubavu. Wembe ukipita juu yake huacha ncha iliyochongoka. Kutoka hapo kuna njia mbili za kuharibika. Ya kwanza, ncha hiyo hukua milimita moja au mbili nje, hujikunja, kisha huichoma ngozi pembeni kidogo ya pale ilipotokea. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu unywele hautoki kabisa. Mtu anapovuta ngozi ikakaza wakati wa kunyoa, au anapotumia kinyoleo chenye nyembe mbili, tatu au tano, wembe wa kwanza huuvuta unywele juu na wa pili huukata, kisha kilichobaki hurudi ndani, chini ya usawa wa ngozi. Unapoanza kukua tena hutoboa ukuta wa kitundu chake ukiwa humo humo ndani. Vinyoleo hivyo vya nyembe nyingi vinasifiwa kwa kunyoa chini sana, na kwa nywele zetu sifa hiyo ndiyo kasoro yake.

Ndevu hukua takriban theluthi moja ya milimita kwa siku. Ukinyoa Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda msikitini, Ijumaa hiyo shingo iko safi na kila mtu anakusifu. Vipele huanza kujitokeza Jumapili au Jumatatu, wakati lawama imeshahamia kwenye chakula, jasho au sabuni mpya.

Kabla ya kupaka chochote ni lazima ujue unachokitibu, maana si kila kinachowasha baada ya kunyoa ni kitu kimoja. Ngozi ikichoma na kuwasha ndani ya dakika chache au saa chache baada ya wembe, bila vipele vilivyosimama, hiyo ni mikwaruzo ya wembe tu. Hutulia yenyewe kwa siku moja hadi tatu ukiiacha. Vipele vigumu vinavyokuja siku ya pili au ya tatu, hasa chini ya taya na kooni, vingi vikiwa na kidoa cheusi cha unywele katikati, ndivyo vya nywele zilizorudi ndani. Vipele vyenye vichwa vya usaha wa njano, vinavyouma ukivigusa na kuenea haraka, ni maambukizi ya bakteria kwenye vitundu vya nywele. Ukiona duara lenye magamba, ukingo wake umeinuka na nywele za eneo hilo zinakatika au kung'oka kirahisi, fikiria fangasi, ndugu wa mapunye ya watoto. Na uso ukivimba na kuwasha sana pale tu ilipopita rangi nyeusi ya kupaka ndevu, au manukato, au losheni fulani, hapo umekutana na mzio, na wembe hauna kosa. Rangi nyeusi za nywele zinastahili onyo la pekee. Kemikali inayotia weusi ndani yake huweza kumkataa mtu ghafla hata kama ameitumia miaka mingi, na ikishamkataa itamkataa kila mara, kwa ukali zaidi.

Turudi kwenye kunyoa. Kifaa salama kwa mtu mwenye vipele ni mashine ya umeme, iliyowekwa kiasi kwamba inabakiza kivuli cha ndevu. Kichanuo namba moja huacha milimita tatu hivi, namba nusu huacha milimita moja na nusu. Mashine tupu bila kichanuo inaweza kuacha chini ya milimita moja, kutegemea ilivyofungwa. Hapo ndipo vinyozi wengi tunapoharibu. Ili mstari utoke mkali, fundi hulegeza skrubu mbili na kusogeza meno yanayocheza mpaka yakae sawasawa na meno yaliyotulia. Mashine ya namna hiyo inachonga vizuri paji la uso, lakini ikipita shingoni inakwangua ngozi na kukata nywele usawa wa chini kabisa. Meno yanayocheza yakae nyuma ya yale yaliyotulia, upungufu wa nusu milimita hadi milimita moja. Kabla ya kumgusa mteja, ijaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako mwenyewe. Ikikuuma wewe, itamuuma na yeye.

Tia mafuta ya mashine matone mawili au matatu kwenye meno, iwashe izunguke kidogo, ufute yanayozidi. Mashine kavu hupata moto haraka, na chuma cha moto juu ya ngozi yenye jasho ni mwasho tosha hata kabla ya unywele kukatwa. Kuna na jambo la umeme, ambalo sisi wa kusini tunalijua vizuri. Nguvu yake ikishuka, mashine za kuchomeka ukutani hulegea, zikawa zinavuta unywele badala ya kuukata. Ukisikia mlio umebadilika, simama. Afadhali mteja asubiri nusu uso kuliko kumaliza kwa kumng'oa.

Wapo ambao lazima watumie wembe: kazi inawataka, au wanapenda hivyo, na hatuwezi kuwafukuza. Kwao tunasisitiza utaratibu, na sehemu kubwa ya utaratibu huo iko kabla ya wembe kugusa uso. Unywele mkavu ni mgumu, hukatika kwa kulazimishwa na kuacha ncha kali. Ulioloa vizuri hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo oga kwanza, au weka taulo lililochovywa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika tatu hadi tano. Uvuguvugu maana yake unaweza kuushika mkononi bila kushtuka. Taulo la moto kupita kiasi linaiacha ngozi imevimba na nyepesi kukatika.

Halafu povu. Sabuni ya mche ni kali kwa uso; imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, na hivyo ndivyo inavyofanya kwa ngozi. Ikichanganyika na maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hayataki kutoa povu, unabaki na utando mwembamba usiosaidia wembe kuteleza. Tumia krimu ya kunyolea au sabuni laini ya kuogea iliyopigwa kwa brashi mpaka povu liwe zito. Kama maji ya nyumbani yana chumvi, weka lita moja ya maji ya mvua kwa ajili ya uso. Watu wa Newala na Tandahimba waliozoea kukinga maji ya paa wana nafuu katika hili. Liache povu likae dakika mbili au tatu kabla ya kuanza.

Sasa tafuta mwelekeo wa ndevu. Siku moja kabla ya kunyoa, zikiwa zimetoka kidogo, pitisha kidole shavuni, tayani, kidevuni, kooni, kila upande. Pale kidole kinapoteleza ndiko zinakoelekea. Pale panapokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni kwa wengi zinakwenda chini. Kooni ndiko kwenye mitego: nyingine hupanda juu, nyingine hulala kuelekea sikioni, na wengine wana kizunguzungu cha nywele pembeni ya koromeo. Mtu aliyefundishwa kunyoa koo lote kutoka juu kwenda chini huenda nusu ya koo lake analinyoa kinyume kila wiki, na vipele vyake vitakuwa hapo hapo.

Tumia wembe mmoja, mkali, mpya. Fuata mwelekeo wa ndevu kwa mikato mifupi ya sentimita mbili hivi, usikandamize, wala usivute ngozi. Kila mkato mmoja au miwili, suuza wembe. Pita mara moja tu. Pakibaki kivuli, kiache. Tamaa ya kurudia mara ya pili kwa kwenda kinyume, ili papatikane ule ulaini wa shavu la mtoto, ndiyo inayojaza shingo za watu. Nyumbani, wembe wa kinyoleo usizidi kunyoa mara tano hadi saba, na ukianza kuvuta utupe hata kama umetumika mara mbili. Usiuache bafuni kwenye maji. Ukaushe, uutunze pakavu. Saluni, wembe ni wa mtu mmoja, unafunguliwa mbele ya macho yake na kutupwa akiwa bado amekaa.

Kuna tabia ya saluni zetu ambayo ingefaa iachwe kabisa: kumpaka mteja spiriti usoni mara baada ya kumnyoa. Mteja anakunja uso, anasema "fundi, hapo sasa umenyoa", kwa sababu amezoea kuamini kwamba kuchoma ndiko kuua vijidudu. Spiriti inaua vijidudu, ni kweli, lakini juu ya ngozi iliyokwanguliwa inakausha, inawasha, na kuzidisha wekundu na uvimbe ambao unywele utaukuta unapojaribu kutoka. Kazi ya spiriti ni kwenye chuma. Usoni weka maji ya baridi, taulo safi lililoloweshwa likae dakika tano, kisha kausha kwa kugusagusa bila kusugua, na upake losheni nyepesi isiyo na manukato. Pakitoka tone la damu, kipande cha shabu kilicholoweshwa kinatosha kuizuia. Ila kila mtu awe na kipande chake. Shabu moja ikipita kwenye mikato ya wateja kumi, inabeba damu ya wote kumi.

Ndimu ni hatari ambayo wengi hawaijui. Watu hukata ndimu na kusugua kwenye vipele wakitaka vikauke au doa liondoke. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi huungua. Hutokea wekundu au malengelenge baada ya siku moja au mbili, na kinachobaki ni weusi wa wiki nyingi, mbaya kuliko doa lililokuwa likitibiwa. Dawa ya meno nayo ni ya meno. Kwenye kipele inakausha na kuchoma. Unga wa vidonge vya rangi mbili kumwagiwa juu ya kidonda hautibu unywele uliozama, na unaweza kuleta mzio na kuwazoesha bakteria dawa. Mafuta ya nazi au ya ufuta, kiasi kidogo, hulainisha ngozi kavu ya watu wengi bila shida. Mwenye chunusi na ngozi ya mafuta ayaepuke, maana yanaweza kuziba vitundu.

Mikoa yetu ina mambo yake ambayo ushauri wa kutoka kwingine hauyagusi. Kwanza ni korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza na kuleta mzio wa ngozi, na mtu anayebangua kwa mkono hubeba mafuta hayo kwenye vidole hata baada ya kunawa haraka haraka. Akijishika shavu alilonyoa asubuhi, jioni ana mabaka ya kuungua ambayo atayaita vipele vya wembe. Msimu wa kubangua nyoa jioni, baada ya kazi na baada ya kunawa mikono kwa sabuni mpaka juu ya kifundo, ili ngozi ipate usiku mzima wa kujifunga. Vivyo hivyo kwa wanaopuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, kati ya Juni na Agosti. Vumbi la salfa juu ya uso ulionyolewa siku hiyo hiyo, pamoja na jasho, linawasha vibaya. Wavuvi wa Mikindani na Kilwa, na wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, wafuate kanuni hiyo hiyo ya kunyoa jioni, na wasuuze uso kwa maji baridi wanapotoka kazini. Kwa dereva wa bodaboda, tatizo ni mkanda wa kofia ngumu unaosugua chini ya kidevu siku nzima. Ufuliwe kila wiki, na ukiwa umechakaa na kuwa mgumu ubadilishwe.

Vipele vikishakuwepo, dawa yenye nguvu kuliko zote haiuzwi: acha kunyoa. Angalau wiki nne, na kwa shingo iliyoharibika sana hata miezi mitatu. Tunajua ilivyo ngumu kumwambia hivyo mtu mwenye harusi au usaili wa kazi, lakini hakuna krimu inayofanya kazi vizuri juu ya ngozi inayoendelea kukwanguliwa. Mwambie mapema kwamba wiki ya kwanza hali inaweza kuonekana mbaya zaidi, kwa kuwa nywele zilizokwisha kukatwa chini bado zinaendelea kuchoma. Wengi hukata tamaa hapo na kurudia wembe. Wiki ya pili na ya tatu nywele hurefuka na kuanza kujinyofoa zenyewe. Zikikaribia sentimita moja, nyingi zinakuwa zimeshatoka, na vipele hulala. Kama ndevu zinamsumbua, apunguzwe kwa mashine yenye kichanuo, isishuke chini ya namba moja.

Katika kipindi hicho, asubuhi na jioni weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, halafu sugua polepole kwa mzunguko kwa mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo, nusu dakika tu kila eneo. Lengo ni kuzilegeza ncha zinazotaka kuzama. Ukiona unywele umejikunja kama kitanzi juu ya ngozi, chukua sindano, ifute kwa spiriti na uiache ikauke, ipitishe chini ya kitanzi na uinue ncha itoke nje. Ishia hapo. Usiung'oe. Unywele uliong'olewa huota upya kutoka chini kabisa, na unapokuja juu una nafasi kubwa ya kutoboa ndani. Na ule usioonekana usiuchimbe. Kuchimba ndiko kunakoacha makovu.

Kwa dawa, uvimbe na mwasho mkali hutulizwa na krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, utando mwembamba mara mbili kwa siku, kwa siku zisizozidi saba. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 hupunguza bakteria na vipele; ipakwe mara moja usiku, ianze kwa usiku mmoja na kuruka mmoja, na ujue inababua rangi ya nguo, hivyo usilale na shuka unayoipenda. Krimu ya adapalini au tretinoini huzuia ngozi isijifunge juu ya unywele. Kiasi cha punje moja ya choroko kinatosha uso mzima, kila usiku wa tatu mwanzoni, na matokeo yahesabiwe kwa wiki nane hadi kumi na mbili. Mjamzito asiitumie. Hizi mbili za mwisho huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi, kwa hiyo mchana kofia au krimu ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi. Penye usaha, mhudumu wa afya anaweza kuandika losheni ya klindamaisini au mafuta ya mupirosini. Fangasi wa ndevu au wa kichwa ni habari nyingine: krimu ya klotrimazoli haifiki ndani ya unywele, na mgonjwa anahitaji vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, vilivyoandikwa na daktari.

Tunaposema haidrokotisoni hatumaanishi zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kila kona, zenye betamethasoni au klobetasoli ndani yake. Zinatuliza kwa siku mbili na mtu akadhani amepona. Akiendelea wiki kadhaa, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na kama kulikuwa na fangasi, wanatambaa chinichini bila duara la kuwatambulisha. Akiacha, uso unawaka. Soma maandishi madogo kwenye boksi kabla ya kulipa. Pia weusi unaobaki baada ya vipele haufai kufukuzwa kwa sabuni na krimu za kujichubua. Zile zenye zebaki zimepigwa marufuku nchini na zinadhuru figo. Weusi huo hufifia wenyewe kwa miezi, ilimradi vipele vipya visiongezeke na jua lizuiwe.

Dawa ya unga ya kuondoa ndevu bila wembe inawasaidia baadhi ya watu, kwa kuwa inayeyusha unywele na kuacha ncha butu. Lakini ni kemikali kali. Ijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono na usubiri siku nzima. Ikoroge kwa maji baridi iwe nzito kama pakiti inavyoelekeza, paka bila kusugua, tazama saa: dakika tatu hadi tano kwa kawaida, na kamwe usipitilize muda ulioandikwa. Iondoe kwa kijiti bapa, suuza mara mbili kwa maji baridi. Isitumike zaidi ya mara moja kwa wiki, wala juu ya vidonda.

Kwapani na sehemu za siri, kanuni ni zile zile kwa wanaume na wanawake. Anayefuata sunna ya kutozidisha siku arobaini hana sababu ya kutumia wembe chini kabisa. Mkasi mdogo au mashine yenye kichanuo hutimiza usafi. Baada ya hapo vaa nguo ya pamba isiyobana kwa siku moja au mbili, na manukato ya kwapa yasubiri kesho yake.

Watoto wachanga wanaonyolewa siku ya saba ya akika au kwenye arobaini wana ngozi nyepesi mno. Kichwa kilowe vizuri, wembe uwe mpya, mshikaji wa kichwa awe mtu mzima aliyetulia, na pasipakwe spiriti wala manukato. Kwa wari wa jando, wazee wetu shikamooni, tunaomba jambo moja: kila mtoto na wembe wake. Wembe mmoja ukizunguka vichwani, unahamisha bakteria na mapunye, na panapotoka damu unaweza kuhamisha homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake hubaki hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na pia virusi vya Ukimwi.

Kwa fundi, usafi wa vifaa hauanzi na dawa. Unaanza na brashi. Nywele na mafuta vikibaki kwenye meno, dawa haipiti. Piga brashi, futa, kisha meno ya mashine yafutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa yakauke yenyewe kabla ya mteja anayefuata. Vichanuo vya plastiki vioshwe kwa sabuni na kulowekwa dakika kumi kwenye jiki iliyochanganywa: jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku. Vitu vya chuma visipitilize dakika hizo kumi, visuuzwe na kukaushwa, la sivyo kutu itaanza na chuma chenye kutu hukwaruza. Taulo moja, mteja mmoja, halafu likafuliwe.

Kisogoni kuna ugonjwa unaofanana na huu, nao tunauogopa zaidi. Vipele vigumu kwenye mpaka wa nywele nyuma ya shingo, vikiachwa na kuendelea kunyolewa chini kila wiki, huungana na kuwa uvimbe mgumu wa kovu ambao nywele haziuoti tena. Ukiona vipele viwili vitatu hapo, acha kuchonga mstari wa nyuma. Nywele za kisogo zibaki angalau milimita tatu, kola ya shati isisugue, na mteja aende hospitali mapema, kwa sababu hatua za mwanzo zinatibika kwa krimu na sindano, na uvimbe mkubwa huishia kwa upasuaji. Mtu ambaye kila jeraha lake dogo huacha kovu lililovimba achukue tahadhari hiyo hiyo usoni.

Homa, uso kuvimba upande mmoja, jipu karibu na pua au mdomo wa juu, tezi za shingo zinazouma, au usaha unaorudi kila baada ya wiki chache: hayo si ya saluni. Nenda hospitali: Ligula ukiwa Mtwara, Sokoine ukiwa Lindi, Ndanda ukiwa upande wa Masasi. Anayepata majipu ya kurudiarudia aombe apimwe na sukari. Na kwa mlinzi au askari ambaye kazi inamtaka uso mtupu, daktari anaweza kumwandikia barua inayoeleza kwamba ngozi yake hairuhusu wembe na kwamba ndevu zake zitapunguzwa kwa mashine. Aiombe siku hiyo hiyo ya kupimwa, na itaje urefu unaoruhusiwa kwa milimita, ili mkuu wake wa kazi asibaki kukisia.